Kicheko Hakina Kisanduku

Wadogo zangu, mlipokuja dukani kwangu Kilole kutoa kopi za vyeti mkaniuliza, "Dada Zuhura, eti ulikuwa unazunguka na maprofesa? Hebu tupe mchongo," niliwaambia mashine imekwama karatasi, mrudi kesho. Mashine haikuwa imekwama. Nilikuwa sijajiandaa, na mimi nisipojiandaa siwezi hata kumwelekeza mtu njia ya kwenda stendi. Sasa nimejiandaa. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na mume wangu amesema nikifuta mara nyingine anaificha kalamu.

Najua mtacheka nikijiita mstaafu. Mstaafu gani hana mvi wala kiinua mgongo? Lakini udadisi ni kazi ya miguu, na miguu yangu imestaafu kabla yangu. Mdadisi, kwa wasiojua, ni yule anayepita nyumba kwa nyumba na dodoso la mtu mwingine, anauliza maswali ambayo hakuyatunga na kuandika majibu ambayo hatayatumia. Maprofesa niliowafanyia kazi wote walikuwa wa sayansi ya siasa. Wanatafiti namna watu wanavyotawaliwa, wanavyogombana na wanavyopatana, kisha wanarudi chuoni kuwafundisha wanafunzi. Nilianza nikiwa nimetoka kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyasoma, akayakunja, akaenda kuchuma chai. Nimeacha baada ya kujifungua, kwa sababu mtoto mgongoni na bodaboda ya vijiji vya Handeni haviendi pamoja.

Chuo sikukanyaga. Nilichojua nilikisoma kwenye simu, nimekaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya shamba la mama kule Dindira, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Nilipakua mihutasari ya masomo ya vyuo, nikasoma bila mwalimu, nikamaliza nikiwa na maneno mengi na hofu nyingi zaidi. Hofu hiyo sijaiacha mpaka leo. Mtaiona humu.

Jambo la kwanza, na mkisahau mengine yote hili lishikeni: kabla hujafanya kazi na profesa, tafuta ukurasa wake kwenye tovuti ya chuo. Chini ya picha yake, ambayo mara nyingi ni ya zamani bado ana nywele, kuna mahali pameandikwa anatafiti nini na anafundisha nini. Pasome kama unavyosoma ratiba ya basi. Aliyeandika "uchaguzi" atakuuliza habari za kura hata mkiwa mnakula wali. Aliyeandika "migogoro" atasikia ugomvi hata kwenye harusi. Si kwamba ni watu wabaya. Mama yangu ni mchuma chai. Mpeleke popote duniani, ataangalia majani kwanza.

Nilifanya kazi na mmoja aliyekuwa anatafiti imani ya wananchi kwa taasisi za umma. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea taratibu, na hakumwamini dereva hata na funguo za gari lake mwenyewe. Tulikuwa tunakaa juani tukimsubiri arudi kutoka kuuliza watu kama wanaaminiana.

Mwingine alikuwa wa siasa za maji. Huyo tulikwenda naye Handeni ndanindani, kiangazi, malambo yamebaki matope na nyayo za ng'ombe. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Siasa za maji katika kijiji chenu zikoje?" Nikalisoma kama lilivyo, kwa sauti ya taarifa ya habari. Mama mmoja aliyekuwa amebeba ndoo tupu akanitazama kwa huruma.

"Dada, hapa maji hayana siasa," akasema. "Hapa maji hayapo."

Profesa akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia niliandike neno kwa neno, na nasikia bado analianzia somo lake kila muhula. Mwalimu mzuri wa siasa nimemjua hivyo: ukimvunjia swali lake hanuni, anaokota vipande.

Na hilo neno siasa lenyewe mliogope. Ukimuuliza mtu wa kwetu "Unapenda siasa?" atakwambia, "Aka! Sisi hapa siasa hatutaki." Ukiandika hivyo, profesa ataondoka akijua kijiji kimelala. Kumbe huyohuyo jana yake alisimama kwenye mkutano wa kijiji akambana mwenyekiti habari za lambo mpaka mwenyekiti akaomba maji ya kunywa. Kwetu siasa ni maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Kumbana mwenyekiti si siasa. Ni kumbana mwenyekiti. Basi usiulize habari ya siasa. Uliza, "Mkutano wa mwisho ulisema nini?" halafu kaa vizuri, maana hutaondoka mapema.

Neno "nguvu" nalo liko hivyohivyo. Dodoso moja lilikuwa na swali, "Nani ana nguvu katika kijiji hiki?" Profesa alitaka kujua nani anaamua mambo. Kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, kikamtaja Saidi. Tukahangaika kumtafuta huyo Saidi, tukijua tumempata mtawala wa siri ambaye hata mtendaji wa kijiji anamwogopa. Tukamkuta gulioni amejitwisha gunia la mahindi na la pili analiita. Saidi mwenyewe aliposikia kwamba ametajwa na watu wote alifurahi sana, akatuuliza zawadi ni nini.

Sasa niseme kidogo habari zangu, maana nimeahidi ukweli. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Dodoso langu halikuwahi kuwa na swali lililoachwa wazi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya "shikamoo" mbele ya kioo ili isije ikatoka na haraka. Nilikuwa nafika kijijini mapema mno, mtendaji akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya ofisi yake akadhani nimekuja kushtaki. Maelezo ya ridhaa, yale ya kumwambia mhojiwa kwamba yuko huru kukataa, niliyasoma yote bila kuruka nukta. Babu mmoja akalala. Nikamwamsha ili nimuulize kama ameridhia.

"Nimeridhia kitambo, mjukuu wangu," akasema. "Niache nimalizie."

Mkifanya kazi hii mtajifunza mengine ambayo hayamo kwenye mafunzo. Kaa ubavuni mwa mtu, usikae mbele yake kama hakimu. Kishikwambi hakisomeki juani, beba kanga nyeusi ya kujifunika. Ukikuta watu wanapukuchua mahindi, pukuchua. Na mtu akimaliza kujibu, usiruke haraka kwenye swali linalofuata, nyamaza kidogo. Jibu la kweli mara nyingi linakuja nyuma ya lile la kwanza, kama mtoto nyuma ya mama yake. Haya nimeyajua, lakini nilichelewa kujua kwamba kitu kinaweza kunyooka kikawa si kweli. Hilo nililijua nikiwa na Profesa Minza.

Profesa Minza ni Msukuma aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Kwenye ukurasa wake palikuwa pameandikwa kwamba anatafiti maamuzi ya pamoja na migogoro katika vijiji vyenye watu wa asili mbalimbali, na anafundisha mbinu za utafiti. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayekula ndizi mbivu katikati ya mazungumzo, na alinifanya kiongozi wa wadadisi ingawa wenzangu wawili walikuwa na shahada. Nilishindwa kula siku mbili kwa furaha.

Kijiji chenyewe kiko tambarare, si mbali na Mazinde. Nitakiita Kambini. Upande mmoja wanaishi Wazigua, wakulima wa siku nyingi. Upande wa pili wanaishi watoto na wajukuu wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, na wengi wao ni Wanyamwezi. Kipande cha shamba la zamani la mkonge kilikuwa kimerudishwa kwa kijiji, na wilayani walikuwa hawajaamua wakigawe vipi: wachanganye watu wote, au kila upande upewe eneo lake. Waliposikia Profesa anatafiti kijiji hicho hicho, wakamwomba maoni.

Kati ya watu niliowahoji mwenyewe, wawili walikuwa Mzee Mhina, Mzigua, mtu mrefu asiye na haraka, na Mama Kulwa, Mnyamwezi, Mkatoliki, muuza nyanya. Mama Kulwa alikuwa na bustani kando ya kijito, ndani ya kipande hicho hicho, mahali alipopewa na Mzee Mhina alime tu mpaka hapo mambo ya ardhi yatakapokaa sawa. Kabla hata sijawasha kishikwambi, akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, nasikia tukionekana hatuelewani na wenzetu, sisi wa upande huu tutapelekwa kule juu kwenye mawe. Kweli?"

"Sijui, bibi. Hawajaamua."

"Kule juu hakuna hata umande. Nyanya zangu zitakunywa nini?"

Nikasema nitaandika atakachosema, chote, bila kupunguza. Nilidhani nimemtuliza. Nikamsomea swali: ungejisikiaje kuwa na jirani Mzigua? Ningependa sana, ningependa, sijali, nisingependa, nisingependa kabisa.

Mama Kulwa akajiweka sawa kwenye kigoda, macho yakamwaka.

"Mzigua awe jirani yangu? Mungu aniepushe! Mzigua akikuona umeinjika chungu, yeye ameshanawa mikono. Andika kabisa. Andika kabisa mara mbili!"

Nikacheka mpaka machozi. Nikabonyeza "nisingependa kabisa".

Mzee Mhina naye, nilipomuuliza kuhusu Mnyamwezi, alikunja uso kwanza kama mtu anayepima uzito wa jambo.

"Mnyamwezi," akasema. "Wale waliletwa na treni. Treni ikageuza, wao wamelala. Mpaka leo hawajaamka. Simtaki hata kwa dawa."

Nikacheka tena. Nikabonyeza. Wenzangu katika nyumba nyingine nao walikuwa wanacheka na kubonyeza. Hakuna mmoja wetu aliyesita. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na kwa sababu tunalijua, hakuna aliyefikiri kulisema. Nani anaandika kwamba moto ni wa moto?

Siku chache baadaye Profesa Minza akaniita kwenye nyumba ya wageni aliyofikia Korogwe mjini. Alikuwa barazani, kompyuta mbele yake, ndizi imeachwa nusu. Hiyo ya ndizi ilinishtua kuliko yote.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hiki kijiji kinanitisha."

Akanigeuzia kompyuta. Kulikuwa na mchoro wenye nguzo mbili nyekundu zilizosimama kama minara, Wazigua moja, Wanyamwezi moja, na zile za "ningependa" zilikuwa fupi kama vichuguu vya siafu. Niwaambie nilichofikiri? Nilifikiri: hakuna swali lililoachwa wazi. Nikasubiri kusifiwa.

"Watu hawa wanachukiana kuliko kijiji chochote nilichowahi kusoma," akasema. "Nimeanza kuandika maoni kwamba wagawiwe kila upande kivyake, kwa usalama wao. Lakini kalamu inakataa. Majibu yamenyooka mno. Watu hawanyooki hivi. Zuhura, walipokuwa wanajibu, nyuso zao zilikuwaje?"

Hapo kwa mawazo nikamwona Mama Kulwa amepanda kule juu kwenye mawe na ndoo kichwani.

"Walikuwa wanacheka, Profesa."

"Nani?"

"Wote. Hata sisi."

Akavua miwani. "Mlicheka wote, na hamkuandika?"

"Kicheko hakikuwa na kisanduku, Profesa."

Akaifuta miwani, kioo kimoja, kisha cha pili. Nilikuwa tayari nimeshajifukuza kazi kichwani, nimeshamwandikia mama ujumbe kwamba narudi Dindira. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Utani," akasema. "Mimi Msukuma, ndugu wa Mnyamwezi, nimeshindwa kuuona utani! Baba angekuwa hai angenikana. Zuhura, dodoso nililitunga mimi. Namfundisha kila mtoto anayeingia darasani kwangu namna ya kuuliza swali, halafu mwenyewe natunga swali ambalo mtani lazima alijibu kwa tusi. Angejibuje tofauti? Angeonekana hana adabu."

"Kwa hiyo tunafuta?"

"Hatufuti kitu. Tunarudi."

Tuliporudi Kambini tulikuta turubai limefungwa kwa Mzee Mhina. Kaka yake mkubwa, Mzee Ali, alikuwa amefariki alfajiri. Profesa akataka tuondoke, akasema si siku ya maswali. Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia mtu hafiki msibani akageuza. Basi tukajifunga kanga, tukaenda kukaa na akina mama kwenye mikeka.

Mzee Ali alikuwa anajulikana kwa koti lake la kijivu, mguu wake wa kushoto alioukokota, na ugoro. Mzee Mhina alikuwa amekaa kwenye kiti macho makavu, hasemi na mtu. Mara mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Mzee Ali.

Sikatai, nilipiga yowe. Koti la kijivu, kofia, mguu unakokota. Akapita katikati ya mikeka, akatoa kitu mfukoni, akanusa, akapiga chafya ya kutikisa sufuria.

"Mhina!" akafoka kwa sauti ile ile. "Umekaa tu! Mahindi yangu umepalilia? Nimekwenda mara moja tu na wewe tayari umekuwa bwana mkubwa?"

Alikuwa Mama Kulwa ndani ya koti la marehemu, mtani yuko kazini. Akina mama wakaanza kuangua kicheko huku wanajifuta macho. Mzee Mhina akamtazama huyo kaka yake wa kike, mdomo ukacheza, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia, akalia. Alilia kama mtu aliyekuwa anangoja ruhusa. Mama Kulwa akasimama karibu naye, bado na koti, akamwekea mkono begani mpaka alipotulia.

Kisha akakurupuka. Wanaume walikuwa wanajiandaa kutoa jeneza. Akakimbia, mguu umesahau kukokota, akaketi katikati ya mlango.

"Hatoki mtu hapa! Mzigua huyu alikula kwangu ubwabwa kila sikukuu na sahani hajarudisha. Nataka jogoo!"

"Mama Kulwa, tupishe, watu wanasubiri kumswalia," wakasema ndugu.

"Wasubiri! Hata yeye hana haraka." Akazungusha macho, yakamwangukia Profesa. "Wewe mama mgeni, kabila gani?"

"Mimi? Msukuma," akasema Profesa Minza, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Wa kwetu! Njoo ukae hapa, mlango mpana huu. Njoo, unene wako leo una kazi!"

Profesa akanigeukia. Alikuwa amevaa sketi ya rangi ya maziwa. "Zuhura, nifanyeje?"

"Profesa, baba yangu Mzigua," nikamwambia. "Leo mimi ni upande wa pili. Siwezi kukushauri."

Akaenda akaketi. Msomi mzima, mwandishi wa vitabu, kizingitini juu ya vumbi, bega kwa bega na Mama Kulwa. Ndugu wa marehemu wakaanza kumshambulia: oneni Msukuma ameacha ng'ombe wake, oneni amefuata harufu ya pilau kutoka Dar es Salaam. Mwanzoni alitabasamu kwa woga. Halafu nikamwona ananyanyua kidole.

"Jogoo mmoja hatoshi," akasema. "Tuko wawili."

Turubai zima likaripuka. Jogoo waliletwa, wawili, na mlango ukafunguliwa, na Mzee Ali akapelekwa kwa heshima zote.

Tukiwa njiani kurudi, mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nikasema, sasa Profesa ameona kwa macho yake, aandike tu. Akakataa katakata.

"Msiba mmoja si utafiti, mwanangu. Leo nimefurahi, na mtafiti aliyefurahi haaminiki. Tutauliza upya, kila nyumba."

Wadogo zangu, hapo ndipo nilipojifunza kazi hii, baada ya miaka yote ile ya jiwe la Dindira. Tuliketi tukatunga maswali upya. Swali la zamani tuliliacha palepale, lakini baada yake tukauliza: Ukiumwa ghafla unamgongea nani mlango? Shamba lako ukisafiri analiangalia nani? Kwenye msiba wa mwisho kwenu, nani alizuia mlango? Na tukaweka nafasi ya mdadisi kuandika alichokiona usoni mwa mtu. Ile nafasi ilinitesa sana. Kucheka kwa aina gani? Kwa mdomo au kwa tumbo? Nilikuwa naandika mistari sita kwa mtu mmoja. Profesa akanirudishia akisema, "Andika 'alitania', ulale."

Mama Kulwa nilipomrudia nikamuuliza, kwa utaratibu mpya, kama alichosema kuhusu Mzigua alikuwa anasema kweli au anatania.

"Natania kweli," akajibu.

Nikaandika hivyohivyo. Na tulipofika kwenye swali la anamgongea nani mlango akiumwa, akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya kijito. "Kwa Mhina. Nani mwingine ana baiskeli yenye breki?"

Nyumba kwa nyumba ikawa hivyo. Wale wale waliosema "nisingependa kabisa" walikuwa wanawataja watani wao kwa majina. Profesa Minza akapeleka maoni yake wilayani: shamba ligawiwe kwa wote pamoja. Hakuficha zile nguzo nyekundu. Aliziweka ukurasa wa kwanza, akaeleza zilivyopatikana, na nasikia sasa anafundishia. Wanafunzi wanaonyeshwa mchoro, wanaambiwa waseme kijiji hiki kikoje, na wote wanasema kinakaribia kuwaka moto.

Lakini maoni ya profesa si amri, na mpaka siku ya ugawaji Mama Kulwa hakuwa na uhakika wa kitu. Nilikwenda nikiwa sina kazi yoyote pale. Nilishindwa tu kukaa nyumbani. Profesa naye alikuja, akasimama nyuma. Afisa ardhi alikuwa kijana mgeni, amehamia karibuni kutoka mkoa wa mbali, shati limepigwa pasi vizuri. Nilimpenda mara moja. Aliweka meza kandokando ya mkonge, akaanza kusoma. Mama Kulwa alikuwa amesimama mbele, mikono ameifunga kifuani, hatanii na mtu.

Afisa akafika kwenye mashamba ya kando ya kijito. Akasoma jina la Mzee Mhina, kisha linalopakana naye: la Mama Kulwa.

Mama Kulwa akafumba macho.

"Kuna mwenye pingamizi?" akauliza afisa, kama alivyouliza kwa kila shamba.

Mzee Mhina akainuka taratibu, akajikung'uta kanzu.

"Mimi ninalo."

Afisa akaishika kalamu vizuri.

"Huyu mwanamke anaongea na nyanya zake Kinyamwezi," akasema Mzee Mhina. "Zangu zitajifunza."

Mama Kulwa akafumbua macho. Taratibu, mikono ikashuka kutoka kifuani ikaenda kiunoni.

"Afadhali zijifunze!" akapaza sauti. "Za kwako zimekomaa bila adabu kama mwenyewe! Afisa, na mimi ninalo pingamizi. Huyu mzee anakoroma, kijito kitaogopa kupita!"

Wakarushiana maneno ng'ambo na ng'ambo ya meza, kijiji kinashangilia, na yule kijana anageuza shingo huku na huku, kalamu hewani, jasho limeshaanza kuharibu kola yake.

"Jamani, jamani," akasema. "Sasa mimi hapa niandike nini? Mgogoro?"

Mama Kulwa akamsogelea, akainama juu ya meza, akaweka kidole kwenye karatasi kati ya majina mawili.

"Andika majirani, baba," akasema. "Na wino ukaze."